Kamba ya Bi Mkubwa

Mtu akikwambia kazi ya kuchora haichoshi, muulize kama amewahi kuchekecha udongo. Mimi nimechekecha udongo miaka kumi na tisa. Mwekundu wa getini, mweusi wa kwenye hodhi la maji, na ule wa kijivu unaochotwa nyuma ya banda la farasi, ambao si udongo mtupu na sitaki kuulizwa zaidi. Nauchekecha, nauchanganya na gundi ya mbao, naupaka juu ya gunia nililokwisha kulibandika kwenye plaiwudi, nangoja ukauke, nakwangua palipopasuka, napaka tena. Baada ya hapo ndipo rangi. Baada ya rangi majani makavu, vipande vya mikanda ya ngozi, misumari ya viatu vya farasi yenye kutu, na mwisho kabisa singa za farasi mwenyewe, nywele za mkia wake, ambazo nazilaza kidogo kidogo kwa kitana. Watu wakiona wanasema, "Farasi huyu utadhani anatoka ukutani." Kinachotoka ni bega langu la kulia, lakini hilo hakuna anayelitazama.

Nina miaka sitini na mitatu. Chumba ninachofanyia kazi kilikuwa stoo ya mbolea, na mvua ikinyesha harufu yake bado inapanda kutoka sakafuni. Kina meza moja, dirisha moja, bati linalolia jua likipanda, na matofali kumi na mawili ya kukandamizia picha zisijikunje gundi inapokauka. Matofali hayo ndiyo yaliyonimaliza. Siku hizi nikishabeba la sita, nakaa kwanza juu ya la saba.

Kazi hii niliingizwa na kaka yangu. Yeye ananizidi miaka minane, na kwa miaka arobaini alikuwa mtunza farasi wa shamba lililoko ng'ambo ya barabara. Wenzake walimwita Hatamu, kwa sababu ukimtafuta popote utamkuta ana hatamu mkononi au begani. Nilipofiwa na mume wangu nikawa mtu wa kukaa na kutazama ukuta, si kula wala kusema, na majirani wakachoka kunifariji. Hatamu hakunifariji. Alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Njoo ukae bandani. Farasi angalau wanapumua." Nikaenda. Siku ya tatu nikaokota kipande cha mkaa nikaanza kuchora kwenye gunia la pumba, na ndiyo hivyo, sijaacha tena.

Farasi niliyemchora alikuwa jike la kijivu. Vibarua walimpa jina la Bi Mkubwa, maana farasi wengine walikuwa hawagusi maji mpaka yeye amalize kunywa, na akimaliza anawatazama kama anasema haya, nanyi mtumie. Alikuwa na kiburi, Mungu amrehemu. Hakukubali kusimama kwa mtu yeyote isipokuwa kaka. Mwingine akishika kamba yake, anangoja kidogo, kisha anamkanyaga mguu, taratibu, kwa makusudi.

Kwa hiyo kazi ilikuwa hivi. Kaka akimaliza zamu yake ya asubuhi, badala ya kwenda kupumzika kama binadamu wengine, anamtoa Bi Mkubwa, anamsimamisha pale mbele ya banda penye mwanga mzuri. Mimi nageuza ndoo nakalia. Na kwa sababu farasi huongozwa kutoka kushoto, na mimi huku kushoto ndiko nilikokaa, kaka alikuwa ananiingilia katikati. Ninachotaka ni bega la farasi, ninachoona ni koti la kaki. Basi namwambia, "Kaka, sogea kidogo, unaniziba." Anasogea. "Kidogo tena." Anasogea tena, mpaka kamba imenyooka yote na yeye yuko nje kabisa ya macho yangu, upande wa kushoto, kwenye jua. Hapo anasimama saa moja, saa mbili. Maneno hayo, kaka sogea kidogo, nadhani nimemwambia mara nyingi kuliko shikamoo.

Picha za Bi Mkubwa zimefika thelathini na kitu. Ziko kwenye hoteli, kwenye maofisi, kwenye nyumba za watu ambao hawajawahi kunusa farasi. Yeye mwenyewe alikufa mwaka jana, kwa uzee tu, amelala ubavu. Kaka hakulia mbele yangu. Alikata mkia akauosha, akaufunga vifungu vifungu kwa uzi, akaniletea kwenye gazeti. "Wa kazi," akasema. Kisha shamba likauzwa, maana mwenye shamba alikuwa mzee na watoto wake hawakutaka kusikia habari za mavi. Farasi waliobaki wakapakiwa kwenye lori. Kaka aliwapandisha mmoja mmoja, akafunga mlango wa lori mwenyewe, akarudi bandani kufagia banda ambalo halina mtu wala mnyama.

Chumba alichoishi ni cha shamba, kwa hiyo nacho kikaenda. Binti yake akapiga simu kusema anakuja kumchukua, wakaishi naye huko kwake, safari ya siku mbili kwa basi. Ataondoka Jumamosi. Mimi nilisema ni jambo jema, na ni jambo jema kweli. Lakini kwa umri wetu safari ya siku mbili ni ya kwenda tu, ya kurudi unamwachia Mungu, na hilo sote wawili tulilijua, tukalinyamazia.

Jumapili nikamwita aje achague picha. Zilikuwa zimebaki saba kwangu, zote za Bi Mkubwa. Nilizipanga ukutani, nikafagia, nikachemsha chai, nikavaa gauni langu lisilo na gundi, ambalo ni moja.

Alikuja na kofia yake na lile koti la kaki. Akaweka mikono nyuma akapita picha moja baada ya nyingine kama mtu anayekagua kwato. Kwenye ya tatu akasema goti limekaa chini mno. Kwenye ya tano akasema hapo umempatia, alikuwa anatega sikio hivyo hivyo akisikia ndoo. Nikaanza kufurahi, maana kaka kusifu ni kama mvua ya kiangazi. Alipomaliza ya saba akarudi mezani, akanywa chai yake mpaka tone la mwisho, akaweka kikombe.

"Nzuri," akasema. "Zote nzuri."

"Basi chagua."

"Nitaondoka hivi hivi tu, mdogo wangu. Mizigo imekuwa mingi."

"Mizigo gani, kaka? Una sanduku moja na redio."

Akatazama ukutani tena, muda mrefu. Halafu akasema kwa upole, kama mtu anayekataa sukari, "Hapo hakuna yangu."

Nikaondoa vikombe. Akaniaga, akaenda zake akiburuta ule mguu ambao Bi Mkubwa mwenyewe aliwahi kumkanyaga, mara moja tu, kwa bahati mbaya, na kaka mpaka leo anamtetea. Mlango ulipofungwa nikaketi juu ya matofali yangu na hasira ikanipanda mpaka kwenye meno. Miaka kumi na tisa. Watu wa mjini wanakuja na magari yao kunibembelezea picha, na ndugu yangu wa tumbo moja anaona afadhali kubeba redio. Niliwaza kwamba siku zote alikuwa ananiona kichaa. Si ndiye aliyekuwa anawaambia vibarua, "Dada yangu anayapandisha mavi cheo, anayatundika ukutani"? Tulicheka wote, lakini huenda yeye hakuwa anatania. Na kilichoniuma zaidi si sifa. Ni kwamba Jumamosi ataondoka, atakufa huko siku yake ikifika, na ukutani kwake hakutakuwa na chochote kilichotoka mikononi mwangu, kana kwamba hatukukaa pamoja michana yote ile.

Jumatatu nikapiga moyo konde. Nikasema labda zile saba ni za kuuza na zinaonekana za kuuza, nitamtengenezea yake, bora kuliko zote. Kifungu cha singa kilikuwa kimebaki kimoja, chembamba kama kidole. Vingine vyote nilishavimalizia kwenye kuta za watu. Nikakiweka kando kwenye sahani nikaanza kukata gunia. Jumanne udongo. Bega likaniambia acha, nikaliambia nyamaza. Nilimchora Bi Mkubwa jinsi nilivyozoea, kichwa kushoto, masikio mbele, na hata nilipokuwa nikimchora nilijua ni yule yule, ni wa thelathini na ngapi sijui, na kwamba nimechoka naye. Ni aibu kusema hivyo juu ya marehemu aliyekulisha, lakini nilikuwa nimechoka naye hoi.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa fundi fremu. Ana kibanda kati ya kinyozi na fundi viatu, na vumbi la mbao lake linaingia kwenye vichwa vya watu wa kinyozi, kwa hiyo wanagombana kila siku. Alikuwa na picha zangu mbili zilizonunuliwa na kliniki ya meno, na mimi nilitaka kumpa vipimo vya ile mpya. Alikuwa akifunga pembe za fremu, misumari midomoni.

"Mama," akasema baada ya kuitema, "nikuulize kitu kisichonihusu."

"Kama hakikuhusu usiulize."

Akauliza. Mafundi wote ndivyo walivyo. "Hii kamba," akasema, akaigusa na penseli. "Kila picha yako, kamba inatoka kwenye kichwa cha farasi inakuja mpaka ukingoni, huku kushoto, halafu basi. Na fremu yangu kila mara inaimeza inchi nzima. Huwa najiuliza, huku nje kuna nini? Imefungwa kwenye mti?"

"Haijafungwa. Imeshikwa."

"Na nani?"

"Na kaka yangu."

"Aa," akasema, akarudisha misumari mdomoni. Alipigilia mmoja, akapigilia wa pili. "Kumbe kuna mtu," akasema.

Vipimo sikumpa. Nilisahau nilichokuwa nimefuata. Nilirudi nyumbani kwa miguu, bila kuona njia, nikaingia stoo na viatu, jambo ambalo huwa namkataza kila mtu. Nikaweka kidole kwenye kamba ya picha ya kwanza nikaifuata mpaka ukingoni. Nikaenda ya pili. Ya tatu. Zote saba, kamba inatoka kidevuni mwa farasi, imenyooka vizuri, nimeipaka kivuli chini yake kwa ustadi wote, inafika ukingoni na kukatika. Hata ile niliyokuwa nayo mezani, ambayo ni yake, ya kumuagia, nayo ilikuwa imekatika pale pale.

Niliona aibu. Nimewaza sana neno lingine la kuweka hapo na sijalipata. Nimemchora farasi, ndoo, toroli, mbuzi wa jirani aliyepita tu njia, hata kuku. Kwenye picha ya hoteli kuna nzi. Na mtu aliyesimama juani ili hayo yote yachoreke, nilimwambia asogee, akasogea, na nikaendelea kushangaa kwa nini haoni yake.

Nikachukua plaiwudi nyingine. Nilifanya kazi Jumatano yote iliyobaki na Alhamisi tangu alfajiri. Nilianza na kofia, kwa sababu kofia naijua. Mabega nikayapata. Mguu ule mbovu nikaupata. Uso nikauacha utokee wenyewe chini ya kivuli cha kofia. Nilipofika mkononi nikasimama kidogo, kisha nikauchora imara, kamba imezungushwa kiganjani mara tatu, ya nne imebanwa na kidole gumba. Ulionekana mkono wa mtu asiyeachia. Nilijisifu, hata bega likasahau kuuma.

Alhamisi mchana akaja mwenyewe. Alikuwa anamalizia kusafisha banda, na amebeba ile ndoo niliyokuwa naikalia. "Ndoo yako," akasema. Ndani yake mlikuwa na brashi, kitana cha chuma, na kamba ya Bi Mkubwa imekunjwa. Kisha akaona kilichoko mezani.

Sikutegemea aione mapema hivyo. Nilisimama na kijiko cha gundi mkononi kama mwizi wa sukari. Kaka akaweka ndoo chini. Akavua kofia. Alitazama, akasogea, akainama mpaka pua ikakaribia udongo mbichi.

"Huyu mimi," akasema.

"Wewe."

Halafu akanyoosha kidole kwenye ule mkono niliojisifia.

"Huyu atakatwa vidole," akasema.

"Nini?"

"Kamba haizungushwi mkononi. Farasi akikurupuka, anaondoka na vidole vyako, na ukiwa na bahati mbaya anaondoka nawe mzima mzima. Mtoto wa siku ya kwanza bandani anafundishwa hilo kabla ya kuonyeshwa choo." Akaniangalia. Hakuwa amekasirika, alikuwa anauliza kweli. "Mimi nilikuwa nashika hivi?"

Ningeweza kusema ni sanaa. Wasanii tuna neno hilo, linatutoa kwenye mambo mengi. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu ukizidi unakuondolea hata uongo.

"Sijui," nikasema. "Sijui ulikuwa unashikaje, kaka. Sikuwahi kutazama."

Bati lilikuwa linalia juu yetu. Kaka aligeuza kofia yake mikononi, akaikagua ndani, akaivaa tena. Nilidhani ataondoka. Badala yake akainama kwenye ndoo akatoa ile kamba, akafunga ncha moja kwenye komeo la mlango, pale kidevu cha Bi Mkubwa kingekuwapo, akasimama upande wake wa kushoto.

"Haya, tazama," akasema. "Wa kulia unashika karibu na kidevu, hivi, shubiri moja tu. Wa kushoto unabeba iliyobaki, umeikunja, inalala kiganjani kama nguo iliyopigwa pasi. Haizungushwi. Akivuta, unafungua vidole na inateleza yenyewe. Unamshika, lakini akitaka kwenda anajua anaweza kwenda. Ndiyo maana haendi."

Nikaigeuza ndoo nikaikalia. Nikachukua karatasi na mkaa. Mikono ya kaka ni mikubwa, kucha zimepasuka, na kwenye kiganja cha kulia ana mfereji mwembamba unaokatiza, mahali kamba ilipopita kwa miaka arobaini. Mfereji huo unaonekana kutoka mlangoni. Unaonekana na mtu yeyote mwenye macho. Niliuchora mara nne. Nilichora vidole, nikachora kifundo, nikachora lile koti pale kwenye kiwiko lilipotoboka na yeye akashona kwa uzi wa gunia. Mlango ulikuwa umesimama kimya kuliko Bi Mkubwa alivyowahi kusimama.

Baada ya muda nikaona ameanza kujongea. Unyayo mmoja, kisha mwingine, taratibu, kuelekea kushoto, kamba inanyooka. Nadhani miguu yenyewe ilikuwa inakumbuka.

"Nisogee?" akauliza.

Mkaa ulikatika mkononi mwangu.

"Usisogee, kaka," nikasema. "Kaa hapo hapo. Rudi ulipokuwa."

Akarudi. Alisimama saa mbili nzima na mguu ule mbovu, na nilipomwambia apumzike akasema hajachoka, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu. Alipoondoka alivua koti akalitundika kwenye msumari wangu. Binti yake alishafika na kulinusa, akasema koti hilo halipandi basi. "Fanya matambara," kaka akasema.

Sikufanya matambara. Usiku huo nililala kama gogo na asubuhi ya Ijumaa nikakwangua ule mkono wa uongo mpaka kwenye mbao, nikaanza upya. Koti nililikata sehemu ya bega na mkono, na kile kiwiko na uzi wake wa gunia, nikalibandika mahali pake. Kamba nikaiweka ya katani, kama kawaida yangu. Mkono wa kulia ukaishika shubiri moja kutoka ukingoni, na wa kushoto ukabeba iliyobaki, imelala. Kaka alikuwa amejaa ubao mzima kuanzia kofia mpaka viatu, na mimi sikuwa na nafasi, wala siku, wala bega, la kuweka kitu kingine chochote. Ile picha ya Bi Mkubwa ya Jumatatu niliigeuza ikatazama ukuta. Kilikuwa kimebaki kile kifungu cha singa kwenye sahani, cha kijivu. Ndevu za kaka ni za kijivu. Nilizilaza kwa kitana mpaka jua likatua, na bega lilipogoma nikauegemeza mkono kwenye tofali nikaendelea.

Jumamosi asubuhi walipita na teksi, wakielekea kituo cha basi. Binti akaingia kwanza, "Shikamoo shangazi, tumechelewa," na mimi nikasema marahaba, chelewa kidogo tena. Kaka akaja nyuma yake amevaa koti jipya la bluu alilonunuliwa, lina mikunjo ya dukani, anaonekana kama mgeni wa mtu. Picha nilikuwa nimeiegemeza kwenye meza. Gundi ya ndevuni ilikuwa bado mbichi.

Binti alipoiona akaweka mkono mdomoni. Kaka alifanya ukaguzi wake, kuanzia chini. Viatu. Mguu. Alifika kwenye koti akagusa kile kiwiko, kisha akajigusa kiwiko cha koti jipya. Alifika mikononi akakaa hapo muda mrefu sana, na mimi nikawa nangoja kama mwanafunzi, nimeshika bega langu. Hakutoa kosa. Akapanda usoni, akazigusa ndevu kwa ncha ya kidole, akanusa kidole.

"Za mkiani," akasema.

"Ndizo zilizokuwa zimebaki."

"Fundi atatia fremu?" binti akauliza. "Tunaweza kupita kwake."

"Hapana," nikasema. "Fremu inameza ukingo."

Kaka akatikisa kichwa kukubali, ingawa sijui kama alielewa. Akaweka kidole kwenye kamba, pale inapotoka kwenye mkono wake wa kulia, akaifuata. Ni fupi upande huo, shubiri moja. Kidole kikafika ukingoni mwa ubao, kikabaki hapo hewani. Akageuka kunitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Na Bi Mkubwa yuko wapi?" akauliza.

"Nimemwambia asogee," nikasema. "Alikuwa anakuziba."